Kinyoya na Upepo wa Misungwi

Kijana mmoja wa Misungwi aliniuliza iwapo mpira wa vinyoya unaweza kumfikisha mtu mbali. Nikamtajia Edwin Ekiring, jirani yetu wa Uganda. Huyu alicheza mtu mmoja kwa mmoja katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akaenda tena London mwaka 2012.

Sasa tazama kinyoya chenyewe: manyoya 16, uzito usiozidi gramu 5.5. Upepo mdogo tu wa ziwani hukichukua. Ndiyo maana mashindano makubwa huchezwa ukumbini. Anayezoea kupiga penye upepo hukosea vipimo akiingia ndani. Kijana wetu huchezea nje, kamba ndiyo wavu. Raketi anayo. Ukumbi wenye dari la juu hana.