Laiti Mwanachuo Mwenye Selimundu Angerudi Kidato cha Kwanza

Mwishoni mwa mwaka 1904, kijana wa miaka 20 alifika katika hospitali moja ya mjini Chicago, Marekani, akiwa na kikohozi na homa. Aliitwa Walter Clement Noel, mwenyeji wa kisiwa cha Grenada, na alikuwa amekwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Daktari Ernest Irons, aliyekuwa bado mafunzoni, alipotazama damu yake kwa hadubini aliona chembe zilizopinda kama mundu. Mwaka 1910 mkuu wake, Daktari James Herrick, aliyachapisha maelezo ya mgonjwa huyo, nayo yakawa ya kwanza kuuelezea ugonjwa wa selimundu katika majarida ya tiba ya nchi za Magharibi. Noel aliendelea kuugua mara kwa mara, lakini alihitimu mwaka 1907, akarejea kwao na kutibu meno hadi alipofariki dunia mwaka 1916 kwa nimonia.

Mgonjwa huyo wa kwanza kuandikwa alikuwa mwanachuo. Nchini Tanzania, ambako inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, wengi walikuwa wakifariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Kadiri huduma zinavyoboreka, wengi zaidi wanaingia sekondari na hatimaye vyuoni. Mwanachuo wa kawaida akiulizwa angemwambia nini yule mtoto aliyekuwa kidato cha kwanza, huenda angetaja bidii ya masomo na uteuzi wa marafiki. Mwenye selimundu angeanza na mambo mengine: maji, fomu ya shule, sweta na homa ya usiku. Makala haya yanaueleza ushauri huo pamoja na sababu zake za kitabibu, ili uwafae wanafunzi, wazazi, walimu na wahudumu wa afya.

Kinachotokea ndani ya damu

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Katika aina iliyoenea zaidi, mtoto hupokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kasoro hiyo hubadilisha himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hushikamana, na chembe iliyokuwa laini na ya mviringo hukakamaa na kupinda. Chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo, nayo sehemu inayokosa damu huuma vikali. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi huishi takribani siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa huwa na upungufu wa damu wa kudumu na macho yake huelekea kuwa ya manjano.

Upungufu wa maji mwilini, baridi, maambukizi, uchovu mkubwa na msongo wa mawazo huweza kuchochea maumivu hayo. Atakayeitafakari ratiba ya shule ya bweni ataona kwamba vichocheo hivyo vyote huweza kukutana katika siku moja.

Maji na kitanda kilicholowa

Jambo la kwanza ambalo mwanachuo angemwambia mdogo wake huyo wa zamani ni hili: usiache kunywa maji kwa kuogopa kukojoa kitandani.

Selimundu huiharibu mapema sehemu ya figo inayohifadhi maji. Kwa hiyo mgonjwa hutoa mkojo mwingi mwepesi hata pale mwili unapohitaji maji, na wengi huendelea kukojoa kitandani wakiwa wakubwa. Bwenini jambo hilo huleta dhihaka na jina la kikojozi. Mtoto hujitafutia dawa yake mwenyewe: haonji maji tangu alasiri. Figo zake hazijui kubana matumizi, hivyo mkojo hauishi, ila damu huzidi kuwa nzito. Ifikapo alfajiri anaamka na maumivu ya mgongo na miguu, na hakuna anayeyahusisha maumivu hayo na kikombe cha maji alichokikwepa jana.

Dawa ya aibu hiyo si kiu. Mwanafunzi anywe maji kutwa nzima, chupa iwe juu ya dawati, naye aruhusiwe kwenda msalani kila anapohitaji bila kuhojiwa mbele ya wenzake. Usiku aamshwe kwa utaratibu, apewe kitanda cha chini kilicho karibu na mlango na godoro lenye mfuniko wa plastiki. Matroni au patroni anayelifahamu jambo hili anaweza kulitatua kimyakimya.

Fomu ya shule isijazwe uongo

Maelekezo ya kujiunga na shule huambatana na fomu ya uchunguzi wa afya. Wapo wazazi wanaoandika kwamba mtoto hana ugonjwa wowote, wakihofia atakataliwa au atatengwa. Nia yao ni njema, lakini wahenga walishaonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Siku mtoto anapozidiwa usiku, mwalimu wa zamu asiyejua lolote hufikiri ni malaria ndogo, au ni uvivu wa kuukimbia mtihani.

Mwanachuo angemwambia yule mtoto kwamba si lazima shule nzima ijue. Watu wachache wanatosha: mkuu wa shule, matroni au patroni, mwalimu wa darasa, na rafiki mmoja anayelala kitanda cha jirani. Wapewe barua ya kliniki inayotaja ugonjwa, dawa anazotumia, dalili za hatari, hospitali ya kupelekwa na simu za wazazi. Barua hiyo imwombee pia nafuu katika shughuli zinazoweza kumdhuru: mchakamchaka wa kushindana, kuoga maji ya baridi alfajiri, na kubeba ndoo nyingi juani. Mazoezi mepesi yenye mapumziko na maji yanafaa. Asichopaswa kufanya ni kujilazimisha kupita nguvu zake ili asionekane dhaifu. Mwanafunzi wa Pwani aliyepangiwa shule ya Njombe au Mbeya ahesabu sweta, soksi na blanketi la pili kuwa sehemu ya matibabu yake, hasa kuanzia Juni hadi Agosti.

Mwili unaochelewa na siri ya wavulana

Vijana wengi wenye selimundu huchelewa kubalehe kwa mwaka mmoja au miwili. Wenzao wakiwa wameota ndevu au wamevunja ungo, wao bado huonekana watoto. Wengi wao hukamilisha ukuaji huo baadaye, na mwanachuo anaweza kulithibitisha hilo kwa kujitazama kwenye kioo. Kuhusu macho ya manjano, chanzo chake ni chembe za damu zinazovunjika kwa kasi. Hayaambukizi, na mtoto asitengewe kikombe.

Kwa wavulana lipo jambo ambalo hulificha hata kwa daktari: uume kusimama kwa muda mrefu, kwa maumivu na bila hamu ya tendo. Husababishwa na damu iliyokwama. Kijana anywe maji na ajaribu kukojoa; hali hiyo ikizidi muda wa saa 2, aende hospitali. Ikifika saa 4 ni dharura kubwa, kwa kuwa tishu huanza kuharibika na anaweza kupoteza nguvu za kiume. Mhudumu wa afya asingoje kuambiwa. Amuulize kila mvulana, faraghani, kwa maneno ya wazi.

Homa haisubiri kupambazuke

Bandama ndiyo inayochuja bakteria wengi kutoka kwenye damu, na kwa wagonjwa wengi hupoteza uwezo huo tangu utotoni. Kwa sababu hiyo maambukizi yanaweza kumwua mgonjwa kwa muda wa saa chache, na malaria humwathiri vikali kuliko wengine. Joto la mwili likifika nyuzi 38.5, apelekwe hospitali usiku huohuo. Parasetamo ya bwenini hushusha joto bila kuua bakteria, hivyo huweza kumpa kila mtu faraja ya uongo.

Dalili nyingine zisizostahili kusubiri ni maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Kulegea ghafla kwa mkono, mguu au upande mmoja wa uso. Kushindwa kutamka maneno. Weupe wa ghafla wa viganja na midomo. Na maumivu yasiyopungua baada ya dawa alizoelekezwa. Walimu wanapaswa kujua jambo moja zaidi. Ugonjwa huu unaweza kusababisha viharusi vidogo visivyo na dalili za nje, isipokuwa umakini na alama za darasani kushuka. Mwanafunzi wa namna hiyo anahitaji uchunguzi kabla ya kiboko.

Dawa ya siku isiyo na maumivu

Haidroksiyurea huongeza himoglobini ya kitoto, ile ambayo binadamu huwa nayo kwa wingi tumboni mwa mama, na ambayo huzuia chembe kupinda. Utafiti uliofanyika Angola, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, maambukizi, haja ya kuongezewa damu na vifo. Dawa hii si ya kutuliza maumivu. Humezwa kila siku, manufaa yake huonekana baada ya miezi, na huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Hapo ndipo vijana wengi hukosea: wakikaa muhula mzima bila kuumwa hudhani wamepona, wakaiacha. Mwanachuo angesema kwamba muhula ule mzuri ndio uliokuwa kazi ya dawa. Anayetarajia kupata mtoto, awe mwanamume au mwanamke, azungumze na daktari wake mapema kuhusu matumizi yake.

Dawa za maumivu nazo zina nidhamu yake. Diklofenaki na ibuprofeni zikinunuliwa ovyo dukani na kutumiwa mfululizo huweza kuumiza figo ambazo tayari zimedhoofika.

Neno kwa wahudumu wa afya

Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha ukubwa wa maumivu ya selimundu. Kipimo ni kauli ya mgonjwa. Kijana aliyezoea kuumwa anaweza kutazama simu yake huku maumivu yakiwa makali, na utulivu huo usichukuliwe kuwa uongo. Anayetaja mofini kwa jina hajawa mraibu kwa kuitaja. Amejifunza kilichomsaidia siku nyingine. Dawa sahihi itolewe ndani ya saa moja tangu afike, kisha apimwe upya.

Kipindi cha kuhama kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima kina hatari yake. Mama aliyekuwa akikumbuka tarehe za kliniki yuko mbali, na daktari mpya hamjui kijana. Maandalizi yaanze miaka kadhaa kabla. Mtoto wa kidato cha kwanza aanze kueleza ugonjwa wake kwa maneno yake mwenyewe, aijue himoglobini yake ya kawaida, majina na vipimo vya dawa zake, chanjo alizopata na mara alizoongezewa damu. Kabla hajahitimu aelewe pia urithi: akizaa na mwenza asiye na jeni hiyo, watoto wote wataibeba bila kuugua, mwenza akiwa mbebaji, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kupata mtoto mgonjwa.

Mengi kati ya mambo haya hayahitaji mashine wala fedha nyingi. Yanahitaji barua moja ya kliniki, chupa ya maji, na mtu mzima mmoja shuleni anayejua. Mwanachuo hawezi kurudi kidato cha kwanza kuyasema, lakini yupo mtoto anayefungasha sanduku lake sasa hivi kwenda bwenini, na fomu yake ya afya bado haijajazwa.