Wadogo Wakikaa Pamoja Hufika Masoko ya Mbali

Huenda baadhi yenu mmejiuliza vipi kampuni changa, yenye chumba kimoja na mafundi wanne, yaweza kuuza bidhaa zake ng'ambo. Jibu moja twalipata katika mji wa Sialkot, jimbo la Punjab, Pakistani, ambako hutengenezwa mikasi, koleo na visu vya madaktari wa upasuaji.

Kazi hiyo ilianza mwisho wa karne ya 19, mafundi wa chuma walipotengeneza vyombo vya hospitali ya misheni mjini humo. Leo wamo watengenezaji mamia, na sehemu kubwa ya vyombo vyao huuzwa nchi za nje. Faida ya kukaa mahali pamoja ni hii: anayeanza hana haja ya kununua mashine zote. Mmoja hufua chuma, wa pili husaga, wa tatu hunoa, wa nne hung'arisha, na kila mmoja hulipwa kwa kazi yake. Mnunuzi kutoka Ulaya au Marekani akifika, huweza kuzunguka karakana nyingi kwa siku moja, na kampuni changa nayo huonekana.

Yako tena mambo asiyoyaweza mtu peke yake. Sialkot i mbali na bahari, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Karachi. Basi katika miaka ya 1980 wafanyabiashara walijenga bandari ya nchi kavu, mizigo ikawa hukaguliwa na forodha papo hapo mjini. Mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja wa ndege walioujenga kwa fedha zao.

Lakini ujirani una deni lake. Mwaka 1994 Marekani ilizuia vyombo vya upasuaji kutoka Pakistani kwa ajili ya kasoro za ubora. Waliofanya kazi nzuri waliumia pamoja na wazembe. Chama cha watengenezaji, kwa msaada wa serikali yao, kikaleta wataalamu kufundisha kanuni za kazi bora, na waliozifuata wakarudi sokoni.

Sisi wakulima wa karafuu hatuhitaji kuelezwa sana. Gunia likifika ng'ambo halijulikani kwa jina la mkulima, hujulikana kwa jina la kisiwa. Achanganyaye makonyo, au ashonaye gunia karafuu hazijakauka, hajiharibii peke yake. Yafaa tukaguane wenyewe majamvini, kabla magunia hayajashonwa.