Sura, Picha na Taswira ya Nyota wa Sinema

Maneno sura na taswira yana mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini katika Kiswahili yametengana kimaana. Sura ni ya mtu mwenyewe. Taswira hujengeka katika fikira za watazamaji. Kiungo baina ya hayo mawili ni picha. Filamu hupita machoni ikesha. Picha hubaki ukutani na gazetini. Msichana wa Londiani, huko Kericho, ambaye hajapata kuiona filamu ya 12 Years a Slave, iliyompatia Lupita Nyong'o tuzo ya Oscar mwaka 2014, aweza kumjua mwigizaji huyo kwa picha tu. Kwa hiyo, aibadilishaye picha huibadilisha taswira pia. Mnamo Novemba 2017, jarida la Grazia la Uingereza lilitoa jaladani picha ya Lupita ambayo nywele zake za asili zilikuwa zimefutwa kwa sehemu na kulainishwa. Lupita alipinga hadharani, akaonyesha picha asilia kando ya ile iliyochapishwa. Jarida na mpiga picha wakaomba radhi. Pasipo pingamizi hilo, msichana huyo angejifunza jaladani kwamba nywele kama zake hazina budi kuondolewa ndipo mtu aonekane mzuri.