Istilahi za Kiwambo na Mfumo Endeshi: Fundisho la Sasisho la Mwaka 2018

Utangulizi

Wanaoshughulika na istilahi aghalabu huulizwa wana haja gani ya kugombana na maneno maadamu watu wanaelewana. Jibu letu ni kwamba watu huelewana mpaka siku chombo kinapokwama. Siku hiyo mmoja huandika taarifa, wa pili huisoma, na wa tatu huidhinisha fedha. Kama neno lililotumika lina maana mbili, fedha hutoka kwa maana isiyokusudiwa.

Katika makala haya tunakusudia kuchambua kundi dogo la istilahi za kompyuta, yaani zile zinazohitajika kueleza jambo ambalo sasa ni la kawaida maofisini na vyuoni: kiwambo kilichounganishwa na kompyuta kuacha kuonyesha taswira mara tu baada ya mfumo endeshi kusasishwa. Tutaeleza kwanza tukio moja la kweli, kwa sababu istilahi haiwezi kupimwa pasipo jambo linaloitwa kwa istilahi hiyo. Kisha tutapima maneno yanayotumika sasa, na mwisho tutatoa mapendekezo.

1. Tukio lenyewe

Mwishoni mwa mwezi wa Machi 2018, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa sasisho la mfumo endeshi wake wa macOS High Sierra, toleo 10.13.4. Miongoni mwa mambo mengine, sasisho hilo lilileta uwezo rasmi wa kutumia kichakataji cha michoro kilichowekwa nje ya kompyuta. Lakini watumiaji waliokuwa wameunganisha viwambo vyao kwa teknolojia ya DisplayLink walikuta viwambo vyeusi. Viwambo vyenyewe vilikuwa vizima, kebo zilikuwa nzima, na umeme ulikuwapo.

Ili tuelewe sababu, hapana budi tutofautishe njia mbili za kupeleka taswira kwenye kiwambo. Katika njia ya kwanza, kichakataji cha michoro kilichomo ndani ya kompyuta hutengeneza taswira na kuipeleka moja kwa moja kwa kebo ya HDMI au DisplayPort. Katika njia ya pili, ambayo ndiyo ya DisplayLink, programu iliyomo ndani ya kompyuta huichukua taswira iliyokusudiwa kiwambo, huisonga ili ichukue nafasi ndogo, na kuipitisha katika kebo ya USB kama data nyingine yoyote. Upande wa pili kuna chipu ndani ya kifaa cha kuunganishia. Hiyo huifumbua taswira na kuikabidhi kwa kiwambo.

Faida ya njia ya pili ni kwamba kompyuta yenye matundu machache inaweza kuhudumia viwambo viwili au vitatu. Hasara yake ni kwamba kazi yote inategemea programu, na programu hiyo inategemea mlango ulioachwa na mfumo endeshi. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, mpangaji hubaki nje hata kama ufunguo wake haukuvunjika.

Hilo ndilo lililotokea. Kampuni ya DisplayLink iliwashauri watumiaji wake wabaki na toleo 10.13.3. Programu ya Duet Display, ambayo huigeuza iPad kuwa kiwambo cha pili, nayo iliathirika. Viwambo vilivyounganishwa kwa njia ya kwanza havikuguswa na mkasa huo. Baadaye ilipatikana nafuu ya muda iliyowezesha kiwambo cha pili kurudia taswira ileile iliyo katika kompyuta. Lakini uwezo wa kukifanya kiwambo hicho kuwa uwanja wa ziada wa kazi ulirudi na toleo la Mojave, yaani 10.14, lililotolewa Septemba 2018.

Msomaji ataona kwamba kasoro haikuwa katika kitu chochote kinachoshikika kwa mkono. Ilikuwa katika mapatano baina ya programu mbili. Je, Kiswahili cha maofisini kinaweza kulisema jambo hilo bila kulipotosha?

2. Monita, kioo, skrini na kiwambo

Maneno manne hutumika kwa kifaa hiki. Neno "monita" lina udhaifu ulio dhahiri kwa mwalimu yeyote: katika shule zetu monita ni mwanafunzi anayesimamia darasa. Mwanafunzi akisoma kwamba monita amezimika ataelewa habari nyingine kabisa, na ya kutisha.

Neno "kioo" limeenea kwa sababu ya simu. Fundi husema kioo kimevunjika, naye yuko sahihi, kwani kilichovunjika ni kioo. Lakini kioo ni sehemu moja tu ya kifaa, nacho hakihusiki na taswira kupotea.

"Skrini" na "kiwambo" mara nyingi hutumika kama maneno mawili yenye maana moja. Sisi tunaona kuwa ni hasara kuyaacha hivyo, maana lugha imepata bure maneno mawili mahali panapohitajika dhana mbili. Kiwambo linatokana na kitenzi kuwamba, yaani kuvuta ngozi au kitambaa na kukikaza juu ya kitu kilicho wazi, kama afanyavyo mtengeneza ngoma. Ni kitu kilichoundwa, chenye umbo na mipaka. Kwa hiyo lafaa kwa kifaa kizima, pamoja na fremu yake, matundu yake na taa yake. Skrini nayo ibaki kwa uso ambao taswira huonekana juu yake, pamoja na yale yanayoonekana hapo. Hivyo tutaweza kusema bila utata: "Kiwambo kinawaka, lakini skrini ni nyeusi." Sentensi hiyo fupi inampa fundi nusu ya uchunguzi.

3. Tatizo la "cha nje"

Kompyuta mpakato huja na kiwambo chake. Kiwambo kingine kinachounganishwa nayo huitwa na wafasiri wengi "kiwambo cha nje". Katika lugha ya biashara na forodha, bidhaa za nje ni bidhaa zilizoagizwa kutoka nchi za ng'ambo. Kadhalika, taa ya nje ni taa inayowekwa barazani au uani. Ofisa ugavi akipokea ombi la viwambo vya nje anaweza kulielewa kwa njia tatu, na mbili kati ya hizo si zilizokusudiwa.

Wako wanaopendelea "kiwambo cha ziada". Neno hilo ni zuri pale ambapo viwambo ni viwili. Lakini mtumiaji anayefunga kompyuta yake mpakato na kufanya kazi kwa kiwambo kikubwa kilicho mezani hana cha ziada. Hicho ndicho anachokitegemea. Tunapendekeza "kiwambo cha kuunganishwa", na kinyume chake kiwe "kiwambo asilia", yaani kile ambacho kompyuta imeundwa nacho.

Kifaa cha kuunganishia chenye matundu mengi, ambacho kompyuta mpakato huegeshwa hapo na kupata umeme, kiwambo na kibodi kwa pamoja, tunapendekeza kiitwe "gati". Wakazi wa pwani hawahitaji maelezo: chombo hufunga gatini, hupakuliwa na kupakiwa, kisha huondoka.

4. Mfumo endeshi na kiendeshi

Hapa ndipo penye utata mkubwa zaidi. "Mfumo endeshi" umekwisha kuzoeleka, nao ni programu kuu inayosimamia kumbukumbu, mafaili na vifaa vyote vya kompyuta. Lakini neno "kiendeshi", lenye shina lilelile, hutumika sasa kwa vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Kwanza ni kifaa cha kuhifadhia au kusomea diski. Pili ni programu ndogo inayoufundisha mfumo endeshi namna ya kuzungumza na kifaa fulani, kama vile kichapishi au kiwambo.

Ngeli nayo inaongeza tatizo. Kiambishi ki- ndicho cha vyombo vyetu vya kazi: kisu, kijiko, kifaa, kichapishi. Mtumishi anayesoma kwamba "kiendeshi cha kiwambo hakifanyi kazi" hutafuta kwa macho kitu cha kuchomoa na kubadilisha. Katika tukio la mwaka 2018 kitu hicho hakikuwapo. Kilichohitajika ni programu iliyoandikwa upya ili ipatane na mfumo endeshi mpya.

Tunapendekeza neno lisitumike peke yake katika maandishi rasmi. Kwa kifaa iandikwe "kiendeshi diski". Kwa programu iandikwe "programu kiendeshi". Neno la kwanza katika istilahi hii ya pili linamzuia msomaji kwenda dukani.

5. Sasisho na toleo

Kitenzi "kusasisha" kimeundwa kutokana na neno "sasa", nacho kinaeleweka mara moja: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Nomino yake ni sasisho, wingi masasisho. Tunaonya tu kwamba kisichanganywe na "kuboresha". Kuboresha ni kufanya bora zaidi, na hiyo ni hukumu, si maelezo ya kitendo. Waliopoteza taswira mwaka 2018 walisasishiwa mfumo, ila hawakuboreshewa kazi. Mfasiri anayeandika "boresho" mahali pa "sasisho" anamuahidi msomaji jambo ambalo mtengenezaji hawezi kulidhamini.

"Toleo" litumike kwa hali ya programu inayotambulishwa kwa namba. Namba hizo, mfano 10.13.4, zinaweza kudhaniwa kuwa tarehe. Kwa hiyo neno toleo litangulie daima. Namba ya mwisho isiachwe kwa kuonekana ndogo: tofauti baina ya 10.13.3 na 10.13.4 ndiyo iliyokuwa tofauti baina ya kiwambo chenye taswira na kiwambo cheusi.

6. Vitenzi vya hitilafu

Nomino hazitoshi. Taarifa nyingi huharibikia katika kitenzi, kwani "kuharibika" hubebeshwa kila mzigo. Tunapendekeza zitofautishwe hali nne.

Kuharibika: kifaa chenyewe kina ubovu, nao hauondoki hata kikiunganishwa na kompyuta nyingine.
Kuzimika: kifaa hakipati umeme, taa yake haiwaki.
Kutotambuliwa: kifaa kinapata umeme, lakini mfumo endeshi hauoni kwamba kimeunganishwa.
Kukosa taswira: kifaa kina umeme na kimeunganishwa ipasavyo, lakini skrini inabaki nyeusi.

Tuchukue mfano wa taarifa mbili. Ya kwanza inasema: "Monita mbovu. Tunaomba mpya." Ya pili inasema: "Kiwambo cha kuunganishwa kimekosa taswira tangu mfumo endeshi uliposasishwa kutoka toleo 10.13.3 hadi 10.13.4. Kimeunganishwa kwa gati la USB. Kikiunganishwa na kompyuta ambayo haijasasishwa kinaonyesha taswira." Taarifa ya kwanza inakwenda kwa mgavi, na kiwambo kipya kitakapofika nacho kitakuwa cheusi. Ya pili inakwenda kwa fundi, naye atajua pa kuanzia bila kutoka kitini.

Hali za matumizi nazo zina vitenzi vyake. Viwambo viwili vikionyesha kitu kilekile, tuseme "kurudufu", neno ambalo ofisi zetu zililizoea tangu enzi za mashine za kurudufia nyaraka. Kiwambo cha pili kikiendeleza uwanja wa kazi, tuseme "kutandaza". "Kupanua" halifai, kwa kuwa humfanya mtu adhani kwamba herufi zitakuwa kubwa zaidi.

7. Ruhusa inayotisha

Toleo la macOS Catalina, lililotolewa Oktoba 2019, lilileta jambo jingine linalomhusu mfasiri. Programu inayotaka kusoma yaliyomo katika skrini sharti ipewe ruhusa na mtumiaji, na ruhusa hiyo huitwa ruhusa ya kurekodi skrini. Programu kiendeshi ya DisplayLink nayo huihitaji, kwa sababu, kama tulivyoona, kazi yake ni kuichukua taswira na kuipeleka kwingine. Asipopewa maelezo, mtumishi mwenye kutunza siri za ofisi atakataa, na kukataa kwake ni kwa busara; ila kiwambo kitabaki cheusi.

Kubadilisha jina la ruhusa si kazi ya mfasiri, maana jina hilo linalinda watu dhidi ya programu zenye nia mbaya. Wajibu wake ni kuongeza sentensi moja katika mwongozo: kwamba programu huisoma skrini ili kuipeleka kwenye kiwambo, na kwamba ruhusa itolewe tu kwa programu iliyopatikana kwa mtengenezaji mwenyewe.

8. Muhtasari wa mapendekezo

Kiwambo: kifaa kizima cha kuonyeshea taswira.
Skrini: uso wa kiwambo na yanayoonekana juu yake.
Kiwambo asilia: kiwambo ambacho kompyuta imeundwa nacho.
Kiwambo cha kuunganishwa: kiwambo kilicho kifaa cha peke yake.
Gati: kifaa cha kuegeshea kompyuta mpakato na kuiunganisha na vifaa vingine.
Programu kiendeshi: programu inayouwezesha mfumo endeshi kutumia kifaa fulani.
Kiendeshi diski: kifaa cha kuhifadhia au kusomea diski.
Sasisho: badiliko linaloipeleka programu kwenye toleo la baadaye.
Kurudufu: viwambo kuonyesha taswira ileile.
Kutandaza: viwambo kugawana uwanja mmoja wa kazi.

Hitimisho

Istilahi hizi hazikubuniwa zote katika makala haya. Nyingi zimekwisha kuingia katika matumizi, na tulichofanya ni kuzipa mipaka. Tunawaomba walimu wazijaribu darasani, wafasiri wazijaribu katika miongozo, na watumishi wazijaribu katika fomu za taarifa za ufundi. "Gati" na "kiwambo cha kuunganishwa" ndizo tunazohitaji zaidi maoni juu yake, kwa sababu bado ni changa. Wenye istilahi bora watuletee pamoja na sentensi ambamo wameitumia, kwani istilahi isiyoingia katika sentensi haijaanza kazi.