Nyuzi za Mshipa wa Damu

Wazee wanaopimwa presha kwetu huuliza: mbona namba ya juu inapanda kila mwaka, na ile ya chini imetulia? Jibu limo katika ukuta wa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni.

Ukuta huo una nyuzi za protini za aina mbili. Elastini huvutika kama mpira: moyo ukisukuma damu, mshipa hutanuka, kisha hurudi. Kolajeni ni ngumu kama katani, nayo huzuia mshipa usipasuke. Taabu ni kwamba elastini karibu yote hutengenezwa tungali tumboni mwa mama na utotoni. Ikikatika ukubwani, mwili hushindwa kuifuma upya vizuri, na kolajeni huongezeka mahali pake. Mshipa hukakamaa, na namba ya juu hupanda. Umri huzikata nyuzi hizo. Presha isiyotibiwa na sigara huzidisha.

Ubaya mwingine huletwa na lehemu, mafuta yaliyomo katika damu. Ikipenya ukutani hunaswa kati ya nyuzi na kuharibika. Chembe nyeupe za damu huja kuila, na uvimbe hutokea. Juu yake mwili hufuma kifuniko cha kolajeni. Kikiwa kinene, ni kinga. Lakini chembe zile zile hutoa vimeng'enya vinavyoimeng'enya kolajeni, kifuniko kikawa chembamba, na siku moja kikapasuka. Damu huganda papo hapo. Mshipa wa moyo ukiziba, ni shtuko la moyo; wa ubongo ukiziba, ni kiharusi. Mara nyingi uvimbe huo haukuwa umeubana mshipa sana, ndiyo maana mtu aliyelima jana bila maumivu huanguka leo.

Kwa hiyo, baba na mama, msiache vidonge vya presha kwa sababu mnajisikia wazima. Dawa za kushusha lehemu, mkiandikiwa, husaidia kukiimarisha kifuniko hicho. Ile kolajeni ya unga inayouzwa madukani kwa bei kubwa haiendi moja kwa moja kwenye mshipa. Tumboni humeng'enywa kama maharage au dagaa. Mapera na machungwa yana vitamini C, ambayo mwili huihitaji kutengeneza kolajeni yake wenyewe.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, msingoje asubuhi. Mleteni mgonjwa hospitali saa ile ile.