Maua ya Maboga Kudondoka Si Lazima Uwe Ugonjwa

Mkulima wa maboga anapoona maua ya kwanza yakidondoka bila kuacha tunda, mara nyingi hudhani kuwa bustani imevamiwa na ugonjwa na kukimbilia kupulizia dawa. Hata hivyo, hali hiyo kwa kawaida ni ya kimaumbile, na dawa iliyopuliziwa bila sababu inaweza kuleta hasara ambayo haikuwapo.

Mboga hutofautiana katika maua yake. Nyanya, pilipili na bamia hubeba sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua moja. Maboga hutoa maua dume na maua jike mbalimbali katika mmea uleule. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba kirefu, ilhali ua jike hutambulika kwa kijitunda kidogo kilichopo chini yake hata kabla halijachanua.

Katika maboga, maua dume hutangulia kuchanua na hudondoka baada ya kumaliza kazi yake. Joto kali huweza kuongeza idadi ya maua dume, na mbolea nyingi ya naitrojeni huufanya mmea ustawishe majani kuliko matunda.

Ua la boga huchanua alfajiri na hufunga kabla ya jua kuwa kali. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, hivyo haipeperushwi na upepo bali hubebwa na nyuki na wadudu wengine. Ua jike lisilopata chavua ya kutosha hutoa kijitunda kinachogeuka njano, kunyauka na kuanguka. Mkulima anayepulizia dawa ya wadudu asubuhi huua nyuki wanaomletea mavuno.

Tofauti za maua zipo pia kwenye bilinganya. Mmea mmoja huweza kuwa na maua ambayo kijiti chake cha kupokea chavua ni kirefu, na mengine ambayo kijiti hicho ni kifupi. Yenye kijiti kifupi kwa kawaida hudondoka bila kuzaa, na hilo halihitaji dawa.

Kabla ya kununua dawa, mkulima wa maboga anashauriwa kuchunguza maua yaliyoanguka. Yakiwa ni dume pekee, asubiri maua jike. Iwapo vijitunda vinaanguka na nyuki ni wachache, achume ua dume lililochanua asubuhi hiyo, aondoe petali zake na kupakaza chavua katikati ya ua jike.

Pale inapolazimu kutumia kiuatilifu, kitumike kilichosajiliwa, kwa kufuata maelekezo ya lebo, na kipuliziwe jioni maua yakiwa yamefunga. Mkulima akiona madoa kwenye majani, mnyauko au wadudu waharibifu, awasiliane na afisa ugani wa kata au kijiji chake kwa ushauri zaidi.