Uzibaji wa meno bila mashine

Uzibaji wa meno bila mashine ni njia ya kutibu meno yaliyooza kwa vifaa vya mkono tu, mara nyingi bila sindano ya ganzi. Kimataifa hujulikana kwa kifupi ART. Hutumika sana kwa watoto wadogo, na ilianzia nchini Tanzania.

Historia

Njia hii ilianza katikati ya miaka ya 1980 katika mradi wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Mholanzi Jo Frencken. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitambulisha kimataifa.

Namna inavyofanyika

Mtabibu hupanua tundu kwa kifaa kidogo, hukwangua sehemu laini iliyooza, kisha huziba kwa saruji ya glasi-ionoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floridi polepole. Kwa kuwa umeme hauhitajiki, kazi inaweza kufanyika shuleni au katika zahanati, hata katika vijiji vya Ufipa vilivyo mbali na mji wa Sumbawanga.

Njia hii haifai kwa jino lenye usaha au lililooza hadi kwenye kiini.

Maoni ya wazazi

Wazazi wengi huridhika kwa sababu mtoto haogopi mlio wa mashine wala sindano, na hukubali kurudi kwa mtabibu. Wengine huona si lazima kutibu meno ya utoto kwa kuwa yatang'oka. Hata hivyo, magego ya utoto hukaa hadi umri wa miaka 10 hadi 12, na hutunza nafasi ya meno ya kudumu.

Malalamiko hutokea saruji inapobanduka, hasa katika matundu yaliyo kati ya meno mawili. Njia nyingine isiyo na mashine ni kupaka dawa ya maji yenye fedha na floridi. Dawa hiyo husimamisha uozo lakini huacha doa jeusi la kudumu. Wazazi hulivumilia zaidi kwenye magego kuliko kwenye meno ya mbele. Kwa hiyo mzazi anapaswa kuelezwa mambo hayo kabla ya kutoa ridhaa.